Kitabu cha Sita Nilikichoma Mimi

Nyambura, binti yangu uliyebeba jina la mama yangu,

Ulipokuwa mdogo nilikuita mama mbele za watu, nawe ukaniamuru nikae nisikilize ukisoma. Leo kaa wewe.

Wiki iliyopita niliota mwisho wa vile vitabu vyako vya malkia asiye na kivuli. Unavikumbuka: vitano, vimesomwa mpaka majalada yakalegea, wewe na Muthoni mmelala kifudifudi juu ya magunia ya viazi stoo, mkibishana ni nani aliyeiba kivuli cha malkia. Mimi, mwalimu mzima, nilijifanya nimekuja kuchagua mbegu, kumbe nasimama nyuma ya mlango nisikie. Hilo hukulijua.

Katika ndoto, malkia alikuja kwetu Mweiga. Alipita katikati ya shamba letu ameinua rinda lisiguse matope, na nyuma yake yule mjakazi aliyefungwa kwa wizi wa kivuli. Akaingia nyumbani bila salamu, akatia mkono ndani ya koti langu la kanisani, akakitoa kivuli kimekunjwa vizuri kama kitambaa cha meza. Mjakazi alinitazama tu.

Niliamka nikiishuku ndoto hiyo. Kwanza nilishuku dawa mpya. Kisha nikamshuku mke wa kaka yako, kwamba hunisomea mambo sikioni nikisinzia. Nilipomuuliza alicheka. "Mzee, hata gazeti unanikatazanga kukusomea. Ati malkia?" Basi akabaki mtu mmoja wa kushukiwa. Sikuwahi kuusoma mwisho wa hadithi ile, kwa hiyo ndoto haikuujua. Ilijua jambo lingine.

Kitabu cha sita nilikichoma mimi.

Ndicho kilichokuwa cha mwisho, nawe ulikuwa umekingojea miaka miwili, na hukuwa umefika hata katikati. Mhubiri mgeni alikuwa ametuambia sisi wazee wa kanisa kwamba uchawi huingia nyumbani kupitia vitabu vya watoto. Sikumwamini sana. Niliogopa tu kwamba mzee mwenzangu angekiona kwetu na kuanza kunishuku, na mimi nilizoea kushuku wengine. Mkiwa shuleni nilikitoa chini ya mto wako, nikakitia kwenye moto wa mashina ya viazi yaliyokuwa yameugua. Jalada lilikataa kushika. Nililisukuma kwa jembe.

Jioni ulimgeukia Muthoni, binti wa mdogo wangu, aliyekaa kwetu ili asome.

"Wewe unachukuanga vitu za watu!" ulimwambia mbele ya wageni wa mama yako.

"Haki ya Mungu sijakishika, Nyambura. Nipekue."

Mkampekua. Nguo zake za ndani zilimwagwa sakafuni watu wakiona. Nami nilikuwa pale pale, napuliza chai, nikasema, "Aliyekichukua ajulikane." Nilisema hivyo kwa mdomo huu.

Muhula ulipoisha alirudi kwao Wang'uru, hakuja tena. Hukumwalika kwenye harusi yako. Alipokosa kufika kwenye mazishi ya mama yako ulisema mwizi ana haya, na nikanyamaza.

Miaka yote hii nimeshuku kwamba unajua. Uliuliza kila mtu nyumbani kuhusu kitabu kile isipokuwa mimi. Au labda nilitaka uwe unajua, ili hatia iwe ya wawili. Nisamehe hata kwa hilo.

Jana nilimpigia Muthoni simu, nikamweleza yote. Nilisikia mashine ya kukoboa mpunga ikinguruma nyuma yake.

"Baba mkubwa, nilijua," akasema. "Nilipata kipande cha jalada kwa jivu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme mzee wa kanisa ni mwongo, na nalala kwa nyumba yake?"

Nikamuuliza, kwa upumbavu, kitabu chenyewe kiliishaje.

"Sijawahi kukisoma. Nikikiona dukani, naangalia nyuma yangu kama mtu atanishika."

Nyambura, naandika barua hii wazi kwa sababu Muthoni alishutumiwa mbele za watu. Ndugu wote waisome, na wale wageni wa mama yako walio hai wasomewe.

Daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi kliniki. Najua utatafuta ndege huko ng'ambo uliko. Ukipata ruhusa ya siku chache tu kazini, usije kuzimalizia kando ya kitanda changu. Kutoka uwanja wa ndege nenda Wang'uru moja kwa moja. Muthoni akifungua mlango, mwambie kwanza kwamba ulimkosea, ndipo umsalimu. Akikufungia, ngoja hapo nje. Akikukaribisha nami nikiwa bado hai, mje pamoja. Mkichelewa, waambie wanizike bila wewe, nawe usiondoke kwake.

Ni mimi, baba yako, na baba mkubwa wa Muthoni.