Mkomamanga Nyuma ya Benchi la Mansukh

Peckham, London
Jumapili, 14 Septemba 1997

Leo ni miaka ishirini na mitano na miezi minne tangu nitoke Wete.

Mpendwa mdogo wangu Abdulwakil,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na wa nyumbani hawajambo? Mguu wa dada yetu Mwanabaraka umepoa, au bado anauburura? Mvua za vuli zimeonyesha dalili? Mimi mzima, ila mgongo na magoti. Ukiniona nikishuka kwenye basi utadhani ni marehemu baba. Binti yangu Ummukulthum ameanza kazi ya kutunza wazee. Nikimsemesha Kiswahili ananielewa, ananijibu Kiingereza, basi nyumbani kila mtu anasema yake na chai inapatikana.

Barua yako niliipata mwezi uliopita, usidhani imepotea njiani. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Unasema bwana wa mahoteli anautaka ukingo wa kijito chetu, kuanzia kwenye mikarafuu mpaka kwenye miti mikubwa wanapolala popo, na kwamba wewe na dada mmeshakubali, imebaki saini yangu tu. Halafu ukaandika, "Weye kaka umeondoka zamani, sisi ndio tuliopalilia." Neno hilo nimelisikia kwa sauti yako kabisa.

Jibu ninalo. Kwanza nikueleze kazi niliyonayo, maana jibu lenyewe limetoka huko.

Tangu Machi niko kwenye mto mdogo upande wa Wembley. Usifikirie mto wa maana. Unapita nyuma ya viwanda, maji yake kama chai iliyolala. Ukingoni palikuwa na kiwanja kirefu, na mwenyewe alikuwa anataka kumwuzia mjenzi wa nyumba. Watu wa mitaa ile wakakasirika. Wakaunda chama, wakachangishana miaka mitatu, wakauza keki, wakakimbia mbio za kuchangisha hata vizee, mwisho wakakinunua wao. Wala hawana nia ya kujenga. Wamekinunua ili pasijengwe! Mle mna panya wa maji, mna vyura, mna mdiria, yule ndege mdogo wa buluu anayevua samaki. Hao ndio walionunuliwa ardhi. Sisi vibarua sita tumeletwa kusimika uzio, kukata miiba, na kuyatoa mtoni matairi na magodoro yaliyotupwa na watu.

Siku ya kwanza James, msimamizi wa chama, kijana mwenye ndevu nyekundu, alituonyesha tundu la panya ukingoni, akatunong'oneza kama tuko msikitini. Akasema kuanzia sasa hapana mtu wa kumhamisha huyu. Nikasimama na beleshi langu nikamwonea panya wivu. Nakwambia kama ilivyo. Panya ana hati! Mimi katika mji huu nimehama mara kumi na moja, na kabla ya hapo unajua tulivyoondolewa kwenye shamba la babu baada ya mapinduzi, tukabakiwa na ule ukingo wa kijito kwa sababu hapana aliyeutaka, una tope na mbu.

Lakini wivu wa panya ni mdogo. Uko mwingine.

Unamjua Mansukh kwa kusikia, mtoto wa yule Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa pale Wete. Yuko hapa, ana duka la rangi na misumari Kenton. Naye alichangia kuununua ukingo ule, na nadhani alichangia vizuri, kwa sababu jina lake liko kwenye ubao wa mlangoni, na amewekewa benchi la kutazama mto, na benchi lina kibao cha shaba chenye jina la mama yake. Nani aliyechimba mashimo ya miguu ya benchi hilo? Mimi. Nani aliyekoroga zege? Mimi. Kibao chenyewe nimekipiga misumari mimi, na misumari imetoka dukani kwake.

Kila Jumamosi Mansukh huja na chupa ya chai, anakaa, ananiita.

"Hamadi bwana! Njoo unywe chai, tuutazame mto wetu."

Wetu! Yeye kavaa koti safi, mimi nina tope mpaka masikioni. Chai nilikunywa. Ina iliki ya kutosha, nzuri sana, na hilo nalo likaniudhi.

Ndipo ikanijia fikra ya kwetu. Unajua mambo yetu: mtu utamruhusu alime muhogo kwako hata miaka kumi, lakini hutamwachia apande mti wa kudumu, kwa sababu akishapanda mti amepata mguu pale. Ardhi yako, mti wake, na watoto wake watakuja kuuchuma mbele ya macho ya watoto wako. Basi nilikuwa na mche wa mkomamanga. Nimeuotesha dirishani kwa mbegu ya komamanga la Edgware Road, miaka minne, kopo baada ya kopo, umenifika kifuani. Nikaupandisha mabasi mawili na treni, nimeuvika mfuko wa plastiki, abiria wakanipisha kama nimebeba mgonjwa. Wenzangu walipokaa kula, nikaupanda nyuma ya benchi la Mansukh penye jua. Nikasoma Bismillahi. Nikajiona mtu mwenye chake.

Wiki tatu nilikuwa na furaha ya mwizi. Nikisikia "mto wetu" nanywa chai yangu kimya, nacheka moyoni. Kisha Jumamosi moja Mansukh akageuka, akauona. Mwingereza angeona mti tu. Mansukh kazaliwa Wete. Akauzunguka, akanitazama, akacheka mpaka akakohoa.

"Nani kaupanda huu?"

"Labda ndege wameleta mbegu," nikasema.

"Ndege gani huyo anapanda na udongo wa kopo? Tazama, hata umbo la kopo limebaki! Hamadi wee! Mpemba ukimpa pa kuweka mguu keshapanda mkarafuu. Unataka nusu ya mto?"

"Nataka kivuli."

"Kivuli cha nini, na jua lenyewe la kuazima? Sema kweli. Umeona wivu."

Nikamwambia ndiyo, nimeona wivu. Wewe una ubao, una benchi, marehemu mama yako ana shaba, mimi nina nini? Akaacha kucheka. Akasema duka la baba yake nalo lilichukuliwa, na majora ya vitambaa na cherehani, na tangu siku ile yeye hajapanda hata mchicha. Usidhani wivu uliisha hapo. Nilimwonea wivu hata namna alivyolisema jambo lile bila sauti kutetemeka.

Jumatatu James naye akauona. Hakukasirika, ni mtu mpole, na afadhali angefoka. Akasema pale ni pa miti ya pale tu. Mti wa nje, hata uwe mzuri namna gani, haukai, kwa sababu ukikaa mmoja itafuata mingine. Nikamwuliza, "Na mimi?" Akacheka, akanipiga begani, akidhani natania. Kisha akanipa mimi kazi ya kuung'oa, maana ndiye niliyekuwa na sepetu mkononi. Hakujua ni wangu, wala sikumwambia.

Nikaung'oa. Ulikuwa umeshashika. Vizizi vyembamba vyeupe vimeshaingia kwenye udongo wa pale kama kwao. Mansukh alipopata habari akaja mbio kuniomba aupande nyuma ya duka lake. Nikamkatalia. Niliona, huyu atapata na huu! Nikautupa pamoja na matairi, nikaenda zangu nyumbani nikashindwa kula. Asubuhi niliwahi kazini kabla ya wote, nikaenda kuutafuta. Gari la taka lilikuwa limeshapita.

Sasa nikwambie linalokuhusu, na usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Barua yako ilipofika nilichukua kalamu siku ile ile nitie saini. Si kwa kukupenda. Nilitaka uuze, ukingo uende, popo waende, na wewe ukose pa kusema "kwetu", ili tuwe sawasawa. Maana miaka yote hii unachuma karafuu za mikarafuu niliyoipanda mimi na baba, mistari miwili, mwaka mmoja kabla ya mapinduzi. Mimi nachota maji kijitoni, na wewe uko mgongoni kwa mama unalia. Unaniandikia kulalamika mbu. Unalalamika popo wanamaliza mapera. Unalalamika kijito kimefurika kimekuharibia njia. Kila lalamiko lako mimi nimelionea wivu. Umepalilia wewe, kweli, sikatai. Ungejua ningetoa nini nipalilie mimi.

Kalamu nikaiweka chini, wala sikujua kwa nini. Nilijua siku ile nilipoung'oa mkomamanga. Mikarafuu ile ndiyo miti pekee duniani ambayo hapana James wa kuniambia niing'oe. Lakini bwana wa mahoteli ataing'oa asubuhi moja kabla hajamaliza kunywa chai, na ile ya popo ataiangusha mchana.

Basi jibu langu ni hili. Sitii saini. Lakini pia sikuachi mikono mitupu. Kwetu ardhi ni ya serikali, kinachouzwa ni miti iliyomo, na bwana huyo anajua, ndiyo maana anataka kununua kwenu miti asiyokuwa na haja nayo. Niuzieni mimi. Yako na ya dada, mikarafuu, mipera, mpaka ile miti mikubwa yote. Nikishainunua sijengi kitu. Mtaendelea kuchuma nyinyi, popo watalala, kijito kitapita. Ninachotaka ni iandikwe mbele ya sheha kwamba ukingo ule hauguswi, wala na mimi mwenyewe siku nitakayopata wazimu. Nilikuwa na akiba ya kununua nyumba hapa. Nyumba hapa sitaipata, na macho yangu yamechoka kutazama milango ya watu.

Utauliza, mtu anunue kitu aache kukitumia? Na mimi niliuliza hivyo mwezi Machi. Nikadhani ni mchezo wa watu walioshiba. Siku hizi mdiria akipita juu ya maji nalisimamisha beleshi mpaka apotee, na wenzangu nao wanasimama, na hapana anayemcheka mwenziwe.

Mansukh anataka kuchangia. Nimemkatalia mara mbili. Anasema utotoni alikuwa akija kuogelea kijitoni kwetu, na ni kweli, mama alimkimbiza mara ngapi kwa ajili ya mapera. Mara ya tatu nikakubali kwa sharti: hapana ubao, hapana benchi. Akaniuliza, "Hata jiwe la kukalia?" Nikamwambia mawe yapo tangu zamani, atakaa kama watu wengine.

Ukiona hii ni jeuri ya mtu aliyekimbia, niambie. Lakini uniambie usoni, maana kwa barua utanishinda, wewe umesoma mpaka sekondari na mimi niliishia darasa la sita. Dada Mwanabaraka naye aseme lake mwenyewe, usimsemee. Akiniambia anahitaji kuuza kwa ajili ya mguu wake, tutautibu mguu kwanza, miti baadaye. Na huyo bwana mwambie asubiri. Kama ana haraka, Pemba ina fukwe nyingi.

Nisalimie dada sana, na shangazi Mwanakhamis, na mkeo, na mwanao Mbarouk aliyechukua jina la baba, ambaye sijamwona hata mara moja. Mungu akuzidishie afya na subira, ampe dada hatua za kumfikisha bondeni bila fimbo, na awalaze wazee wetu pema.

Tiketi nimeshakata, haina kurudisha. Natarajia kutua Unguja Jumatano tarehe 10 Disemba, na Alhamisi asubuhi nipande meli ya Mkoani, inshallah. Ijumaa baada ya sala tukutane ukingoni, mimi, wewe na dada. Kabla ya siku hiyo asitie saini mtu.

Kaka yako anayekupenda na kukuonea wivu,

Hamad Mbarouk