Mwali Aliyehesabiwa

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Hapa Kaole tu wazima. Shangazi yako amejifungua binti, nasi sote tunagombea kumpakata.

Umeuliza kwa nini hesabu za watu za zamani zinaonyesha wasichana wa umri wako kuwa wachache mno nchini. Sidai kulijua jibu lote. Huenda wengine waliolewa mapema, wakaandikwa kwa miaka mingi kuliko waliyokuwa nayo. Ila sababu moja niliishuhudia.

Nilikuwa mwali, nimewekwa ndani kama desturi ilivyotaka, karani wa kuhesabu watu alipobisha hodi. Baba akawataja wote wa nyumbani, akaniruka.

"Huna binti mkubwa, mzee?" karani akauliza. "Mabinti wakionekana wachache, hawatajengewa darasa la juu."

"Mwali hatajwi kwa mgeni."

"Nahesabu kila aliyelala humu jana."

Mama akadakia kutoka uani: "Kwani yeye kalala juu ya paa?"

Nililitamani darasa lile kuliko harusi. Nikapaza sauti nyuma ya pazia: "Nimo! Nina miaka kumi na saba!"

Baba akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Mwandike," akasema, "kabla hajatoka kujiandika mwenyewe."

Karani alipofika kwa jirani, hata hajauliza, sauti ya kike ikaita kutoka ndani: "Na mimi nimo!"

Siwezi kuthibitisha kuwa kelele zetu ndizo zilizolileta darasa. Najua tu kwamba lilipofunguliwa, madawati hayakututosha.

Akupendaye daima,
Bibi yako