Opendi Alivyotupeleka kwa Wafaransa

Burumba, Busia
10 Novemba 2025

Mpendwa dada Florence,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mgongo wako umepata nafuu huko Doha? Sisi tu wazima, ni Paddy tu ana mafua. Nakuandikia kwa kalamu, Dorah anayesafiri kuja huko akuletee mkononi, maana yote ninayokuambia kwa simu humfikia binti yako Ritah.

Dada, yule mchumba wake, Opendi, anayesema kwao ni Tororo, alinialika Nairobi tujuane. Nilidhani ni kusalimiana tu nirudi. Kumbe yeye na Ritah wakanipeleka mkahawa wa Wafaransa. Mishumaa inawaka adhuhuri, na umeme upo! Nikajiuliza, ni nani anafichwa uso hapa?

Mara Opendi akavuta kiti, akaketi mbele yangu kabisa. Mimi mama mdogo wa Ritah, si ni mama mkwe wake? Kwetu Wasamia mkwe haketi kula na mama mkwe, na Wapadhola wa Tororo ni vivyo hivyo. Basi huyu ama hakufunzwa, ama kwao si huko. Nikageuza kiti nikatazama ukuta. Akacheka, "Mama, hapa ni Nairobi!"

Wakaniambia niombee chakula. Niliomba macho wazi, Mungu anisamehe, nikawaona kwa pembe ya jicho wakikonyezana.

Ikaja nyama inachuruzika damu. Nikaishukuru damu ile, maana mitume walishatukataza kula damu, nami nikapata sababu ya kuiacha. Akanimegea mkate. Ritah akaninong'oneza, "Mamdogo, onja hata kidogo, usituaibishe." Tazama, Opendi kashika simu, anangoja nitie mkate mdomoni anipige picha!

Hapo ndipo nilipong'amua. Mama akishakula cha mkwe, nani tena atasema hakukubali? Nikamwambia, "Baba, mimi nimefunga." Wala sikudanganya, nilianza kufunga dakika ileile.

Sasa anasema wazee wake watakuja kuposa Desemba. Jumanne navuka mpaka na Mama Abbo wa kanisani, twende Tororo tulione hilo boma la kwao kwa macho. Wakikupigia simu wakuambie tulishakula pamoja, jua maji nilikunywa, chakula sikukigusa. Ritah ni mtoto wako, na neno la kumtoa bado liko mdomoni mwako.

Maloba na Auma wanakusalimu sana. Bwana akufunike huko ugenini, akurudishe kwetu na nguvu zako.

Mdogo wako akupendaye,
Justine