Mafiga ya Mama na Mashine ya Manono

Jumamosi, Agosti. Jioni, jua bado halijazama.

Upepo wa ziwa haukupumzika leo. Umeleta vumbi mpaka ndani ya vikombe, na moshi wa watu wanaochoma nyasi kule milimani. Midomo imenipasuka. Kiganja kina malengelenge ya jembe, kwa hiyo daftari, nisamehe mwandiko. Mwalimu wa darasa la tatu leo anaandika vibaya kuliko wanafunzi wake.

Leo nimemnyamazia mtu.

Acha nianze mwanzo, maana nikianzia hapo nitajitetea, na najijua, nikijitetea huwa nashinda.

Papa alitufia mwezi wa kumi mwaka jana. Alikuwa mtu wa Kirungu, na kwa ukoo wake mali ya mwanamume haiendi kwa watoto wake, inakwenda kwa mtoto wa dada yake. Mama ni mtu wa Kabalo, na kwao mtoto ndiye anayerithi baba yake. Miaka yote ya ndoa walibishana jambo hilo wakicheka, mmoja akila, mwingine akipakua. Papa alipozikwa, kicheko nacho kikazikwa.

Mtoto wa dada ni Mumba, binamu yangu, anayefanya kazi kwenye machimbo ya Manono. Anakitaka kiwanja hiki cha Kataki, hapa Kalemie, nyumba na kila kitu. Mimi na binti yangu tutapata pa kujibana. Mama hana pa kwenda, ila kupanda treni na beseni lake arudi Kabalo kwa kaka zake, ambao nao wamekwishazeeka na wake zao hawamtaki.

Karani wa biro ya zone, ofisi ya serikali ya hapa, alituambia maneno machache: kiwanja bila karatasi ni hadithi. Jumatatu mlete karatasi, na jina litakaloonekana juu yake ndilo lenye kiwanja. Mumba anaapa limeandikwa jina la marehemu mama yake. Mama anaapa Papa alimnunulia yeye, mwaka niliozaliwa mimi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona.

Kwa sababu Papa aliizika. Wakati wa uasi, watu walipokuwa wakikimbilia Kigoma na magodoro kichwani, aliitia karatasi kwenye sanduku la chuma, akaongeza saa yake ya reli na misalaba miwili ya shaba ya bibi yake, akafukia humu humu kiwanjani. Vita vikaisha, asiitoe. Alisema udongo ni karani asiyeomba hongo wala matabishi. Ugonjwa ulipomshika ulimi, akawa ananyoosha kidole uani tu. Uani ni pakubwa, Papa.

Jumatano Mumba akashuka kwenye treni na mashine. Detekteri, ndivyo anavyoiita: fimbo ndefu yenye sahani chini na ekuteri za kuvaa masikioni. Wakubwa wake wa machimbo wamemwazima kwa siku chache tu. Ikipita juu ya chuma inalia, lakini anayesikia ni yule tu aliyevaa ekuteri. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Nani amwamini nani? Tukakubaliana kugawana siku: asubuhi masikio yangu, mchana masikio yake. Shangazi Mwange, dada mkubwa wa Papa, akaletwa na boti kutoka upande wa Moba ili awe shahidi wa ukoo. Tangu afike analalamikia joto la Kalemie, anajipepea na kifuniko cha sufuria na kuuliza tunaishije huku.

Tulichagua Jumamosi kwa akili. Jumamosi ni salongo, kazi ya lazima ya mtaa, kila mtu yuko barabarani na jembe, na anayechimba haulizwi kitu. Tangu mambo ya Moba, waasi walipoingia kule, askari wanaona bunduki hata kwenye mwiko. Kama wangetukuta siku nyingine na mashine ile, sasa hivi ningekuwa naandika kutoka kwingine, kama ningekuwa naandika.

Nikavaa ekuteri saa mbili. Daftari, Papa alikuwa mwizi. Nasema kwa mapenzi. Alifanya kazi ya reli, na kila buloni ya kufungia vyuma iliyolegea ilikuja kulala kwetu. Mashine ililia kila hatua tatu: buloni, misumari, kopo la sadini, jembe bila mpini, kibakuli changu cha utotoni nilichopigwa kwa kukipoteza. Majirani wakachungulia uzioni wakacheka. Mumba akacheka mpaka akakaa chini. Mimi, kila mashine ilipolia, sikujua niombe nini. Kuipata karatasi, au kutoipata?

Kisha nikafika kwenye mafiga ya Mama.

Hapa lazima nieleze. Mama ana mbabula, jiko la makaa, kama kila mwanamke wa mji, lakini tangu Papa afe anapikia mawe matatu nyuma ya nyumba. Kwa ukoo wa Papa, mjane ambaye bado hajaoshwa msiba anakuwa na moto wake peke yake, na mawe yale hayaguswi na mtu. Ndugu wa marehemu akiliinua jiwe moja tu, amesema mbele ya watu kwamba nafasi ya marehemu ameichukua yeye. Si kitanda, kwa umri wa Mama hakuna anayezungumzia kitanda. Ni unga wake, nguo yake, dawa yake na paa lake, mpaka siku atakayozikwa. Aliyenifundisha desturi hii ya watu wa Papa ni Mama mwenyewe, mtu wa Kabalo. Mgeni akikaa sana huijua nyumba kuliko mwenyeji.

Nikapitisha sahani pembeni ya mafiga, nikijilinda nisiguse. Ikalia.

Sufuria ilikuwa juu ya mawe, ndiyo. Lakini nilikuwa nimeshapita juu ya sufuria na mabeseni asubuhi yote, na sauti yake naijua, nyembamba, inakuja na kukimbia. Hii ilikuwa nzito, na haikuniachia hata niliposogea. Mama alikuwa akitwanga majani ya muhogo, sombe, hatua chache kutoka pale. Mchi ukasimama hewani.

"Nini?" Mumba akauliza.

"Sufuria," nikasema.

Mchi ukashuka. Mama akaendelea kutwanga, hakuniangalia, na mimi nikaendelea kando ya uzio kana kwamba sijaacha moyo wangu kwenye majivu. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Saa sita Mama akatupakulia ugali wa bukari na mikebuka ya ziwa, na Mumba akapewa samaki mkubwa kuliko wote, mwenye mafuta. Amemlisha hivyo tangu Jumatano. Baada ya kula Mama akaiosha sufuria kwa mchanga, akaenda kuianika kule uzioni, mbali. Niliona. Sikufikiri kitu.

Zamu ya Mumba ikaanza. Ningependa kuandika kwamba ni mtu mbaya, ingenirahisishia. Lakini ni yeye aliyenibeba mgongoni kuvuka maji nilipokuwa na homa, na ni yeye anayenitania kuliko wote. Alikuwa akisukuma mashine huku ananisimulia kwamba machimbo yanapunguza watu, kwamba nyumba anayokaa ni ya kampuni, siku atakayopewa barua atatoka na mke na watoto wanne.

"Binamu, nikishinda, wewe nitakuachia choo," akasema.

"Asante. Hicho njo chumba utakachokuja kulala siku muke wako atakufukuza."

Tukacheka wote wawili. Dakika kumi baadaye alikuwa mbele ya mafiga.

Sufuria haikuwepo. Mawe matatu na majivu, basi. Nikaona uso wake unabadilika, akapitisha sahani tena, akapitisha mara ya tatu, akaweka mashine chini na kuchutama bila kuvua ekuteri. Shangazi Mwange aliona kabla yangu. Kwa umri ule, alisimama mara moja.

"Mumba, acha! Usiguse mafiga ya mujane! Mumba!"

Masikioni mwake kulikuwa na mlio wa mashine tu. Amekulia kambi ya wachimbaji, kule watu wanapikia mbabula, na mama yake alikufa kabla ya kumfundisha mambo haya. Hakuwa na namna ya kujua. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na jembe mkononi. Ilitosha kunyoosha mkono nimguse bega.

Nilimwona Mama kwenye stesheni ya Kabalo, na beseni lake miguuni, akingoja mtu wa kumpokea.

Mkono haukuinuka.

Akaliinua jiwe la kwanza, akalitupa kando. La pili. La tatu lilikuwa bado na moto, akapuliza vidole akicheka. Alipovua ekuteri na kupiga kelele "Iko hapa! Iko hapa!" alikuta Shangazi amekaa chini, kwenye vumbi, na vitenge vyake vyote viwili.

Hakuelewa. Akachukua jembe. Udongo ulikuwa laini sana, daftari, na hilo pia nililiona. Sanduku lililolala zaidi ya miaka ishirini halitoki kwa mapigo matano ya jembe. Lilikuwa na kutu pembeni, lakini karatasi ilifungwa kwenye mpira wa gurudumu na ilikuwa safi. Saa ya Papa ipo. Misalaba ipo. Mumba akakunjua karatasi, akaisoma mara tatu kwa sauti, kila mara akipaza zaidi. Ni jina la mama yake. Muhuri unaonekana vizuri. Papa alinunua kwa jina la dada yake, kama ukoo ulivyomtaka, na akamwacha Mama aamini mengine.

Nilimkasirikia maiti. Nikamtazama Mama nikitegemea kumwona ameanguka, kumbe hakuwa akiitazama karatasi. Alikuwa akitazama mawe.

"Mama mukubwa, umesikia?" Mumba akamwambia Shangazi. "Hii njo kiwanja yetu!"

Shangazi alikung'uta vumbi taratibu kabla ya kujibu.

"Nimesikia. Karatasi njo yako. Na huyu mama pia njo wako. Umeinua mafiga yake, sisi wote tumeona. Jumatatu kwa biro nitasema yote mawili, sitasema moja."

Mumba akacheka. Akatuangalia mmoja mmoja, akaacha kucheka.

"Lakini mimi sikujua, Mama mukubwa."

"Nilikuita. Masikio yako ilikuwa ndani ya mashine. Unaweza kufukuza mama yako ndani ya nyumba? Fanya. Mimi nitarudi Kirungu kuambia wafu jina lako."

Hapo nikaona hofu machoni mwake. Kiwanja amekipata, na hawezi kumtoa aliye ndani yake. Akanigeukia mimi, si Mama, si Shangazi. Aliuliza polepole, bila hasira.

"Binamu, wewe ulikuwa karibu. Ulijua?"

Nikasema nilidhani amesikia.

Uongo wa pili. Na akaniamini. Akatikisa kichwa, akasema, "Ni hizi ekuteri," akaziangalia mkononi kama ndizo zilizomkosea. Bora angenipiga.

Baadaye akayarudisha mawe mwenyewe, moja baada ya jingine, kama Shangazi alivyomwamuru. Mama alimsimamia na mikono kiunoni.

"Baba, hilo la upande wa mulango limekaa juu kidogo. Sukuma. Ndiyo. Na kuni zimekwisha tangu jana."

Mumba akaenda kuchukua shoka.

Sasa nimekaa kizingitini naandika. Sufuria imerudi juu ya mawe. Miezi kumi sijawahi kuiona mahali pengine mchana. Hata ikioshwa, inarudi pale pale. Leo imekaa uzioni mchana mzima, siku ambayo mashine ilikuwa mikononi mwa Mumba. Nani alilihamisha sanduku? Lini? Alijua kilichoandikwa ndani? Mama ninaye hapa mbele yangu anapuliza moto, naweza kumuuliza. Siulizi. Akinijibu ndiyo, tutakuwa wawili, na mimi nataka kubaki na dhambi yangu peke yake.

Kesho baada ya misa nataka kumwambia Mumba kwamba nilisikia kabla yake. Kwamba nilisikia pia Shangazi akiita, na nilikuwa hatua mbili. Nimeshaipanga hadi sentensi ya kwanza. Lakini nikimwambia, atakwenda nayo kwa Shangazi, na Shangazi atasema mtoto alitegwa, mafiga hayahesabiwi. Jumatatu itabaki karatasi peke yake, yenye jina la marehemu. Na treni ya Kabalo ipo.

Nisipomwambia, atalea mama yangu maisha yake yote akidhani kosa ni la mashine.

Sauti ya shoka imenyamaza. Mumba ameingia uani. Kuni amezifunga mafungu mawili, moja la Mama, la pili ameliegemeza mlangoni kwangu. Anasema ni za mwenye choo, nije nipokee, mikono imemuungua na mawe.

Daftari, mkono huu huu ndio nitaunyoosha?