Giga Nane, Nikaahidi Kumi na Mbili

Ijumaa, Moshono. Manyunyu tangu alfajiri, Mlima Meru umejificha kabisa. Nimetulia, ingawa sina cha kujivunia.

Chuoni kwetu, pale Sokon One, tuna seva moja yenye memori ya giga nane. Ndani yake nilitengeneza kompyuta pepe tatu, yaani za kiprogramu tu, zinazotumia mashine hiyo moja: ya usajili, ya maktaba na ya matokeo. Kila moja nikaiahidi giga nne. Kila moja huhesabu memori yake kuanzia sifuri ikiamini iko peke yake, kumbe seva ndiyo yenye jedwali linaloonyesha kila anwani ya memori iko wapi hasa. Kati ya giga kumi na mbili nilizoahidi, nne hazikuwepo. Nilitegemea tu kwamba zote tatu hazitabanwa na kazi siku moja.

Jumatatu matokeo yakatoka, na ndiyo ilikuwa siku ya usajili na ya kurudisha vitabu. Kila moja ikadai giga zake nne. Seva ikaanza kuhamishia mzigo kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno, kila kitu kikaganda, wanafunzi wakajaa mpaka nje.

Mkuu wa chuo akamlaumu Elia, mwenzangu aliyeandika programu ya matokeo. Mkataba wake ulikuwa unaisha leo.

Nikanyamaza.

Baba yangu, kule Nkoaranga, alikuwa mgawa maji ya mfereji. Aliwahi kuwapa majirani wawili zamu moja, kwa kuwa mmoja hakosi sala ya asubuhi kanisani. Mchungaji akasafiri, sala haikuwepo, wote wawili wakaja na majembe. Baba akavua kofia akasema, "Nimekosea mimi." Nilikuwa mdogo, nikamwonea aibu. Wiki hii nimemwonea wivu.

Leo saa tatu nikaingia kwa Mkuu. "Shikamoo. Elia hana kosa. Memori niliigawa mimi." Alinitazama, akavuta mkataba mpya wa Elia, akausaini. Mimi nimepewa barua ya onyo.

Kisha nikamwambia Elia mwenyewe. Hakufoka. "Dada, kwa hiyo tangu Jumatatu ulikuwa unajua?"

Nilikuwa najua.

Saa nne huwa tunakunywa chai pamoja. Leo amekunywa yake dirishani, amenipa mgongo.

Jumatatu nitaipa kila kompyuta giga mbili, nyingine zibaki kwa seva yenyewe. Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Kwa Elia, sijui nianzie wapi.