Malengelenge Upande Mmoja

Jumatatu, 24 Oktoba 2022

Nimepoteza kazi ya kiwanda. Leo asubuhi, kabla kahawa haijapoa. Marjut wa manunuzi alipiga simu mwenyewe: wanasimamisha kuniletea viwambo vya sauti vya bunduki nivipake rangi, ile mirija ya mdomoni mwa mtutu ya kupunguza mlio, mpaka "jambo hili lieleweke". Kusimamisha! Neno la adabu hilo. Sehemu saba kati ya kumi za kazi ya karakana hii ni viwambo vyao. Zinazobaki ni rimu za baiskeli na mageti ya watu.

Viwambo vitano vimerudishwa. Rangi ya kinga imefanya malengelenge, imebanduka. Rangi yangu, niliyoipuliza mwezi wa nane. Na aliyevirudisha nani? Klabu ya wawindaji ya hapa hapa kijijini! Mzee Kalervo, mwenyekiti wao, amewaandikia kiwandani kwamba rangi inatoka "kama ganda la kiazi kilichochemshwa". Msimu wa kuwinda hirvi, yule paa mkubwa wa misitu yetu, una wiki mbili tu tangu ufunguliwe. Hawa ndio watu ambao mume wangu anashinda nao msituni kila Jumamosi. Hakuna hata mmoja aliyevuka barabara kuja kuniuliza.

Nina mpaka Ijumaa ya tarehe 4, saa kumi jioni, ofisi yao inapofungwa. Nieleze chanzo, la sivyo kazi inakwenda kwa mtu wa kusini.

Nilimwambia Ensio wakati wa chakula. Akaendelea kumenya kiazi chake. "Chuma ni chuma," akasema. Basi. Miaka ishirini na sita ya ndoa — chuma ni chuma.

Jumanne, 25 Oktoba

Siku nzima karakanani. Nina viwambo vitatu vya fungu lile lile la Agosti, vilibaki kama sampuli. Kimoja nimekichemsha kwenye sufuria. Cha pili nimekitia tanurini mpaka nyuzi mia mbili na hamsini, nikakitoa, nikakiacha kipoe nje kwenye baridi. Nimesugua, nimekwaruza kwa ufunguo, nimepangusa kwa dawa ya kuondoa rangi. Hakuna kitu! Kwenye kona imeng'aa kidogo, ndivyo rangi yoyote inavyochakaa. Unene ni mikroni ishirini na tano, kila ninapopima.

Lakini usiku wa jana sikulala vizuri. Agosti ilikuwa na joto la ajabu. Je, jasho la mikono? Je, nilipovichubua kwa mchanga kisha nikaviosha, nilivikausha sawasawa? Mafuta kidogo tu ya kidole chini ya rangi na kila kitu kinakuja juu. Najua. Kazi hii sikuisomea popote. Nilijifunza kwa kuharibu, katika zizi la ng'ombe la baba mkwe nililolisugua kwa mikono yangu, kwa tanuri la mtumba la kuokea mikate. Watu walicheka: Outi anaoka bunduki. Sasa watacheka tena.

Hapana. Niliviosha. Nakumbuka.

Alhamisi, 27 Oktoba

Vimefika kwa basi la mchana. Boksi ni lile lile la klabu, kiwanda kimebandika tu anwani mpya juu na kuchana ncha moja kwa kisu. Kamba waliyofungia klabuni haijaguswa, ina fundo zuri hasa. Nimeikata.

Nimevipanga mezani. Na jamani — malengelenge yako upande mmoja!

Niandike polepole nisijidanganye. Rangi ikiharibiwa na risasi, inaanzia mbele, mdomoni, au kwenye mshono ulio karibu na mtutu, moto unapokaa. Ikiharibiwa na gari na mkanda, inaanzia kwenye kingo. Ikiwa mimi ndiye sikuosha vizuri, inatoka popote, kama upele wa mtoto. Hivi havikufuata hata njia moja. Mgongo ni mzima, mweusi, mzuri, wangu. Tumbo limeungua mabaka mabaka. Kama samaki aliyekaangwa akasahauliwa kugeuzwa.

Na mwindaji wa hirvi anapiga risasi ngapi? Moja. Mbili akiwa mbovu. Kiwambo chake kinapata joto la kikombe cha kahawa. Moto huu haukutoka ndani ya bunduki. Umetoka nje.

Nilikipasha kimoja kwa kipulizia hewa ya moto ili nione rangi inavyoachia. Harufu ikapanda. Si baruti. Lami! Siyo ya barabarani — lami ya msonobari, ile tamu, ya boti za zamani na pipi za kikohozi. Nimenusa vyote vitano. Vyote.

Nani anapaka bunduki lami? Kalervo ana boti. Nitamuuliza.

Jumamosi, 29 Oktoba

Nimekwenda bandani kwa klabu, walikuwa wanakata nyama. Hirvi wawili, dume na ndama. Niliwabebea mikate ya iliki ili wasiseme nimekuja na shari.

"Haa, shemeji Outi!" — Kalervo, kisu mkononi. "Fundi wa maganda ya viazi amekuja kumenya!"

Wote wakacheka. Nikawaacha wamalize.

"Mzee, nina swali. Mkirudi kutoka msituni, viwambo mnaviweka wapi?"

"Kwenye misumari ile. Kama watu wastaarabu."

"Na lami? Ile ya boti yako unaiweka wapi?"

"Boti yangu ni ya plastiki tangu mwaka tisini na nane, shemeji! Uliza lingine."

Wakacheka tena. Sawa, nikauliza lingine. Siku ya ufunguzi, ile ya theluji ya maji, mliporudi mmelowa, mlifanyaje? Kiwambo kikibaki na maji kinatia mtutu kutu, hilo wanalijua hata wajinga.

Akajibu Tenho, yule jirani yetu, mikono imejaa damu mpaka kwenye viwiko. "Siku ile hata chupi zililowa, shemeji! Lakini vitu vilikauka. We! Vilikauka mpaka vikaiva!"

Kicheko kikubwa. Kisha kikakatika, kama mtu kazima redio. Kalervo akakohoa. "Tenho, kata nyama."

Na macho yao — yote, nimeyaona — yakamwendea Ensio, aliyekaa kwenye kigoda akinoa kisu. Yeye hakucheka. Hakuinua uso. Kisu chenyewe kilikuwa kikali tayari.

Kalervo kanifungia kipande cha paja. "Cha supu. Usitununie, shemeji, biashara ni biashara." Nimekipokea. Nyama haina kosa.

Jumapili, 30 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma kwa majira ya baridi. Giza limekuja mapema, na mimi nimebadilisha mashuka.

Mto wa Ensio unanuka lami.

Nilikaa kitandani nao mapajani kama mwendawazimu. Miaka yote nimeinusa harufu hii kila baada ya Jumamosi ya klabu, mpaka pua ikaacha kuihesabu! Ensio ndiye mwasha sauna wao, kile chumba cha kuogea mvuke baada ya mawindo. Hakuna mwingine anayegusa jiko lile la mawe. Ndiye anayetia matone ya lami kwenye ndoo, maji yakimwagwa kwenye mawe mvuke unukie kama zamani za babu yake. Wenzake wanalalamika kwamba wanarudi kwa wake zao wakinuka kama boti. Yeye anatabasamu. Pale ndipo mahali pekee ambapo mume wangu ni mkubwa wa kitu.

Mawe. Moto wa nje. Tumbo moja limelala kwenye mawe.

Sijamwambia. Aliingia, akaona mto mapajani mwangu, akasema, "Unafua Jumapili?" Nikasema ndiyo. Akatoka kupasua kuni. Tuna kuni za miaka miwili.

Simshtaki mtu kwa pua tu. Nitapima.

Jumatano, 2 Novemba

Ensio kaenda mjini kubadilisha matairi. Nikawasha sauna yetu. Jumatano, na siku ya sauna ni Jumamosi!

Nilingoja moto ufe, mawe yabaki yameiva, kama mtu mwangalifu angefanya. Nyuzi mia nne na ishirini juu ya mawe, kwa kipimo. Nikalaza kiwambo changu cha tatu, kizima kabisa. Kwa dakika chache hakikufanya kitu. Rangi yangu ilivumilia! Nikaona fahari ya kipumbavu. Kisha nikamwaga maji yenye matone matatu ya lami.

Kililia. Sina neno jingine. Nilipokigeuza kwa koleo, tumbo lilikuwa limejaa malengelenge, mabaka mabaka, na mgongo mweusi mzuri. Nikakiweka mezani kando ya vile vitano. Hata mama aliyezaa mapacha asingevitofautisha.

Basi ilikuwa hivi: watu walikoga, wakatoka, moto ukafa. Ensio akavipanga juu ya mawe vikauke, kwa nia njema, kwa uangalifu wake ule ule. Halafu mtu akarudi ndani kuongeza mvuke wa mwisho, gizani, akamwaga ndoo. Ningecheka! Wangekuja siku ile ile, wamebeba vitu vyao kama watoto waliovunja dirisha, ningewapulizia upya vyote na kuwatania mpaka Krismasi.

Simu ikalia. Tenho.

"Shemeji, kuna mgonjwa huko? Naona moshi Jumatano."

"Hakuna mgonjwa. Nakausha viwambo."

"Aa," akasema. "Basi."

"Basi nini, Tenho? Sema."

"Mimi sijasema kitu, shemeji. Yaliyosemwa saunani yanabaki saunani. Wewe ni mtu wa hapa, unajua." Akakata.

Kwa hiyo walikaa uchi mle ndani, wakakubaliana. Saunani unakaa kama kanisani, hugombani, hupigi kelele — na ukitoka hubebi neno. Mama yake Ensio alinifundisha hivyo wiki ya harusi. Sikujua kwamba kuna siku watanizika humo.

Nilimpigia Marjut, nikamweleza: jiwe, maji, lami, kila kipimo. Alisikiliza vizuri. "Nakuamini, Outi," akasema. "Lakini majaribio yako ni yako. Kalervo ameandika kwamba vilining'inia kwenye misumari. Nipe mtu aliyekuwepo. Mmoja anitosha. Anipigie tu."

Mmoja.

Nilirudi kupakia vitu kwenye boksi lao. Kamba niliyoikata Alhamisi ilikuwa bado sakafuni, fundo lake zima. Nikaliokota. Ni fundo la nyavu, lenye kitanzi kidogo kilichorudishwa ndani. Ensio hufunga hivyo nyavu, mifuko ya takataka, zawadi za Krismasi. Hakuna mwingine ninayemjua.

Hakunyamaza tu. Alivifunga mwenyewe. Alijua boksi linakwenda wapi na linamtafuta nani.

Alhamisi, 3 Novemba

Hatujasemezana ila "lete chumvi" na "funga mlango".

Nimelisha mbwa. Nimepuliza geti la mtu, bluu. Limetoka vizuri.

Ijumaa, 4 Novemba

Asubuhi niliweka fundo mbele ya kikombe chake. Alilitazama muda mrefu. Masikio yakawa mekundu — ana miaka hamsini na minane na masikio bado yanamsaliti.

"Tutaongea," akasema.

"Lini?"

"Saunani."

"Sauna ni kesho, Ensio. Marjut anafunga leo saa kumi."

Akavaa koti, akatoka. Nikadhani anakwenda kwa Kalervo. Nikaoka mikate ya mtu asiye na hamu. Saa nane nikachungulia dirishani — moshi! Anawasha sauna yetu. Leo. Ijumaa!

Nilisimama pale na unga mikononi, nusura nimhurumie. Anataka kunieleza, nadhani kweli anataka. Lakini anataka anieleze mle ndani, mahali nisipoweza kupaza sauti, na tukitoka neno libaki kwenye mawe. Nitajua, na Marjut hatajua. Yeye atakuwa ameungama, klabu itabaki na mwasha sauna wake, na mimi nitabaki na mageti.

Alikuja mpaka ngazini. Hakuingia. "Maji yako tayari, mama. Njoo tuoge."

"Siji."

"Outi. Ni vigumu kusema mezani."

"Ni vigumu kweli. Ndiyo maana nataka useme mezani."

"Kalervo alishaandika kabla sijafungua mdomo. Nikasema nitamwambia Outi wiki ijayo. Kisha —"

Nusu ya ungamo lake hiyo. Imetoka yenyewe, nje, hewani, mbwa ni shahidi! Halafu akaona kwamba ameisema, akageuka, akarudi upesi kule kwenye moshi wake.

Sasa ni saa tisa na robo. Naandika huku namwona. Amekaa kwenye kizingiti cha sauna, ndoo mkononi, mkono mwingine unatafuta kitu rafuni. Hatakipata. Chupa ya lami iko hapa mezani, kando ya kiwambo changu kilichoungua na kimoja kati ya vile vyao. Simu iko kando ya birika. Namba ya Marjut nimeiandika kwa tarakimu kubwa, kwa kuwa miwani ya Ensio huwa inapotea inapohitajika.

Nimefungua dirisha. Baridi imeingia yote. Nimemwambia kwa sauti ambayo kwa Tenho lazima imefika:

"Ensio! Mimi huko siji. Njoo hapa, na nguo zako mwilini, kabla ya saa kumi. Sitaki wiki ijayo, sitaki chuma ni chuma. Ni wewe uliyeviweka juu ya mawe — ndiyo au hapana? Na utamwambia Marjut, au humwambii?"

Amesimama. Ndoo ingali mkononi.