Siku Mbili za Kumngoja Padre

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe, wifi na watoto wote huko kambini. Natumaini kile kiuno kilichokuwa kikikusumbua kwa mitikisiko ya katapila kimetulia, na kwamba wifi bado anakukataza kunyanyua vitu vizito nawe bado humsikii. Sisi huku, ukitazama kwa macho tu, hatujambo. Shangazi anakula, anasema na anagomba kama kawaida yake. Mimi mwili ni mzima. Ya ndani ndiyo yaliyonishikisha kalamu, maana kwa simu nimejaribu mara tatu nikaishia kukuuliza habari za mvua.

Barua yako ya kunishukuru ilifika. Umeandika kwamba uchungu wa kutomzika baba umepungua kwa kuwa alifia mikononi mwangu. Nimeisoma hadi imechakaa kwenye mikunjo. Nakuomba hii nawe uisome mpaka mwisho, hata ukitamani kuichana.

Nilipomleta baba kwangu, moyo wake ulikuwa umeshachoka. Miguu imevimba, hatua chache tu anahema. Nilimtandikia katika chumba cha kushonea, kitanda ubavuni mwa cherehani, ili nikifanya kazi nimwone. Tuliishi vizuri, usidhani tulikuwa paka na panya. Ila unamjua baba, Mzee Kengele wa watu: miaka arobaini ya ukatekista, ya kufundisha watu dini, haivuliwi kama koti. Nami tangu niokoke nimekuwa mgumu wa shingo kumshinda yeye. Nikipiga cherehani tunabishana, nikibadili uzi tunapumzika.

Nilimwambia Neno la Mungu linatosha, na kwamba padre, askofu, hata Papa, wote wapimwe kwa Neno. Akaniuliza hicho kitabu ninachokipigia kifua kilinifikiaje. Akasema hakikudondoka kutoka mbinguni kikiwa na jalada. Kanisa ndilo lililokaa, likaomba, likasema maandiko haya ndiyo na yale siyo. Sasa nitamwaminije mama anaponikabidhi kitabu, nisimwamini anaponieleza maana yake? Nikamjibu kwamba mama naye huweza kupotoka, mtoto akamkumbusha maneno yake mwenyewe. Alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia mteja aliyekuja kupima gauni kwamba binti yake amemkimbia Papa wa mbali ili awe Papa wa chumbani. Tulicheka wote watatu.

Jumanne ile tabibu wa zahanati aliniita kando, akaniambia nisimsumbue mzee kwa safari za hospitali tena. Baba hakuhitaji kuambiwa. Niliporudi chumbani aliniomba nimwite padre aje amuungamishe, ampake mafuta na kumpa komunyo. Aliomba kwa upole, kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Nikasema nimesikia, baba.

Jioni aliuliza. Nikamwambia padre yuko vigangoni, kwenye makanisa madogo ya mbali, atarudi Alhamisi. Jumatano akataka nimnyoe ndevu na nimpigie pasi shati jeupe. Akakaa kitini ameuelekea mlango, rozari mkononi. Kila viatu vilipopita barazani, aliinua kichwa. Nikamsomea Warumi, pale pa kuhesabiwa haki kwa imani. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Neno tamu hilo, mwanangu. Lakini nangoja."

Kaka, parokia ni mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Padre hakuwa amesafiri. Sikumwita.

Shangazi na padre niliwaambia kifo kilikuja ghafla. Wewe, kwa sababu ulilia sana kwenye simu, nikakuambia padre aliwahi. Nilijidai namwokoa baba, asije akayategemea mafuta akamwacha Kristo. Si kweli. Nilitaka afe akiwa upande wangu, basi. Hayo mengine ni nguo niliyouvalisha ukaidi wangu.

Na hilo silo linaloninyima usingizi kuliko yote. Alhamisi alasiri alinishika mkono akasema, "Padre haji." Hakuwa akiuliza. "Ninyi mnasema kila muumini ni kuhani. Basi kaa hapa unisikilize wewe. Kuna jambo la zamani linanielemea." Imani yangu yote inasema ningeweza kukaa. Lakini niliogopa kuijua dhambi ya baba yangu. Nikamwambia amwambie Mungu mwenyewe, nikatoka uani kuanua nguo. Nikaanua polepole, nikakunja hata soksi. Niliporudi alikuwa amekwisha kwenda, macho mlangoni, midomo imeachana kama ya mtu aliyekatizwa.

Mchungaji wangu amenifariji kwamba mafuta hayamwokoi mtu. Yeye hakumwona baba kwenye kile kiti. Nikafungua Biblia nitafute pa kujiegemeza, nikaangukia kwa Yakobo, anapoagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, na watu waungamiane dhambi zao. Limo, kaka. Limo katika kitabu kile kile ninachosema kinatosha, na miaka sita nimelipita tu. Kwa Kanisa lake nilimnyima, na kwa Neno langu nilimnyima vilevile. Nikipiga magoti kuomba, nainuka kabla ya amina. Jumatatu nilifika mpaka ofisi ya parokia. Padre akanipa pole kwa mikono miwili, nikaishia kumuuliza saa ya misa ya kumwombea baba, nikaondoka.

Misa ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na umesema utapata ruhusa. Sikuombi unisamehe, msamaha wa haraka sitauamini. Naomba ukifika, kabla ya kaburini na kabla ya kwa shangazi, uje kwangu. Ukae, nikuambie haya yote kwa mdomo wangu, na usitoke nje mpaka nimalize. Ukishindwa kuja, niandikie hata mstari mmoja, hata uwe wa matusi. Kimya tu ndicho sitakiweza.

Nisalimie sana wifi. Watoto wabusu, wala usiwaambie kwa nini shangazi yao amechelewa kuandika. Shangazi yetu anakukumbusha dawa ya kiuno. Mungu akulinde huko kazini. Mimi kwa sasa siwezi kukuombea, lakini nakutakia.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi